Kadi Tatu na Kengele ya Chai

Mimi ni mwonja chai. Watu wakisikia hivyo hucheka, wakidhani nalipwa kwa kunywa. Silipwi kwa kunywa, nalipwa kwa kutema. Kila asubuhi, katika chumba cheupe cha ghala letu, vikombe hupangwa safu ndefu mezani, nami hupita na kijiko changu, navuta chai kwa kishindo mpaka harufu ifike puani, naizungusha mdomoni, naitema kwenye ndoo ninayoisukuma kwa goti, halafu nasema inastahili bei gani. Siku ya kwanza mama mkwe aliponiona nikivuta chai namna ile mbele ya wageni, alimuuliza mwanawe kama nilikuzwa zizini. Tulisameheana zamani.

Chai ninayoimeza ni moja tu kwa siku. Ni ile ya alasiri, jikoni kwangu, pamoja na mume wangu, na ndiyo iliyonifanya niingilie mambo ya kompyuta nisiyoyajua.

Mume wangu huchora nyumba ambazo hazijajengwa. Wasanifu humletea ramani, yeye huzigeuza zikawa picha, na ukiziona utaapa kwamba mtu alisimama pale na kamera: jua linaingia dirishani, kivuli cha kiti kimelala sakafuni, glasi ya maji inameta ukingoni. Kazi hiyo huifanya katika chumba kilichokuwa cha watoto, kabla hawajaoa na kuolewa wakatuachia nyumba na kimya chake. Akishapanga kila kitu, hubonyeza, na kompyuta huanza kuhesabu mwanga, unatoka wapi, unagonga nini, unarudi na rangi gani. Watu wa kazi yake huita hatua hiyo kupika. Hesabu zenyewe hufanywa na kipande kimoja kilichomo ndani ya kompyuta, wanakiita kadi ya grafiki, na yake ilikuwa kuukuu. Picha moja ilichukua karibu saa nzima kuiva, na muda huo wote kompyuta ilikuwa haishikiki kwa jambo jingine. Kwa hiyo alikuwa akija jikoni.

Alikuja kwa sababu hana la kufanya. Nalijua hilo, sijidanganyi. Lakini alikuja. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akaweka miguu juu ya kigoda, tukanywa chai na kuzungumza mpaka picha iive. Nje ya saa hiyo mume wangu si mtu wa maneno. Unaweza kukaa naye kutwa ukaambulia "ndiyo" chache na "sijui" moja. Ndani ya saa hiyo ndimo alimoniambia kwamba mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka na anaogopa. Humo ndimo tulimocheka mpaka tukafuta machozi kwa ajili ya mteja aliyetaka ngazi isiyopanda popote. Ndoa yetu, tangu watoto waondoke, imekuwa ikiishi humo.

Basi Jumatatu moja shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaingia amekumbatia sanduku. Shemeji ana duka la vifaa vya kompyuta. Mtaa mzima humwita Dakika Moja, maana hilo ndilo jibu lake kwa kila anayempigia simu, hata akiwa bado kitandani. Aliliweka sanduku juu ya meza yangu ya chakula, akalifungua taratibu, akatoa kitu kirefu kama mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni, chenye feni tatu, kizito kama tofali.

Akatueleza kwamba hiyo ndiyo kadi kinara ya mwaka, juu yake hakuna nyingine. Picha ya saa nzima inaiva kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Akataja bei. Nilimwomba airudie, nikidhani nimesikia vibaya. Ilikuwa bei ya gari kuukuu linalotembea, na ilitokea kwamba mimi na mume wangu tulikuwa tunadunduliza kwa ajili ya gari kuukuu linalotembea.

Nilimuuliza shemeji kwa nini kitu kisichojaza hata mkoba kigharimu kiasi hicho. Akanijibu kwamba kizuri chajiuza. Nikamwambia, kama kinajiuza, yeye amekibeba mpaka kwangu cha nini. Alicheka, lakini hakukirudisha sandukuni. Alisema atatuwekea dukani mpaka Jumamosi, kisha tumpe jibu, maana yuko mteja mwingine anayekipigia hesabu.

Mume wangu aliipokea ile kadi kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, akaigeuza, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikajisemea moyoni. Lakini sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa, na nilijua vizuri ninachokiogopa. Picha ikiiva kabla ya kufunga kamba za viatu, nani atakuja jikoni?

Hapa inafaa niseme jambo kuhusu kazi yangu. Mwonja akishajua anataka chai ipi ishinde, amekwisha. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ndiyo maana kazini vikombe havina majina. Muuzaji haingii, mwenye mali hasemi, na hakuna anayefungua mdomo mpaka wa mwisho awe ameonja. Nimewahi kuona wanunuzi wakubwa, watu wenye tai, wakiisifu chai ya bei ya juu, kumbe wanasifu ile ya nusu ya bei iliyokaa jirani yake. Tangu siku hiyo siamini bei. Naamini kikombe kisicho na jina.

Ikanijia hamu ya kujua. Nisidanganye, hamu yenyewe ilikuwa imefungwa pamoja na hofu kama mboga za fungu moja, lakini ilikuwa hamu ya kweli. Kitu cha bei ile kinafanya nini hasa ambacho cha zamani hakifanyi? Jicho la mtu linaona tofauti, au linaona sanduku? Nikamwambia shemeji kwamba Jumamosi tutaonja. Na asilete hiyo moja tu, alete na kadi ya kati, ile ambayo watu wa kawaida hununua. Kazini hawaonjwi mfalme na maskini peke yao, huwekwa na wa katikati, kwa sababu huyo ndiye anayesema kweli juu ya wote wawili.

Jumamosi alasiri shemeji alikuja na kompyuta mbili kutoka dukani, zinazofanana kila kitu isipokuwa kadi. Moja ilikuwa na kinara, nyingine na ile ya kati. Ya tatu ilikuwa ya mume wangu, na kadi yake kuukuu. Mama mkwe naye alikuwepo, alikuja kututembelea akakuta nyumba imegeuka karakana, akavuta kiti akae aone mwisho wake.

Nilimwomba mume wangu picha moja ya kutumia kwa zote. Alitupatia sebule aliyokuwa akimchorea mteja mmoja daktari, yenye dirisha kubwa, pazia jepesi, meza na glasi ya maji. Nikaeleza sheria. Kila kompyuta itaipika picha ileile. Picha zikiiva zitawekwa kwenye flashi tatu zinazofanana, ndani ya kifuniko cha kila moja nimeficha uzi wa rangi yake. Mama atazichanganya mkobani mwake. Tutazitazama zote kwenye skrini moja, kisha kila mtu aseme ipi imetoka kwenye kinara. Mume wangu hatasema chochote mpaka mwisho, kwa kuwa ndiye mnunuzi na ndiye mwenye picha.

"Hata nikiona kosa?" aliniuliza.

"Hasa ukiona kosa."

Aliinamisha kichwa, akaenda kukaa kwenye kona. Niliona kama anatabasamu, lakini mume wangu hutabasamu kwa upande mmoja tu, hujui kama ni tabasamu au jino.

Tukabonyeza, tukafunga mlango wa kile chumba, tukangoja. Mama alitupa habari za majirani zake wote, mmoja mmoja. Shemeji alipokea simu na kusema yuko njiani, dakika moja. Nami nilikwenda na kurudi mlangoni kuchungulia. Kompyuta mbili zilikuwa zimenyamaza zamani. Ile ya mume wangu ndiyo iliyokuwa ikivuma peke yake, ikijikaza, na nilijikuta naihurumia. Hatimaye nayo ikamaliza.

Mama akazichanganya flashi, tukaweka ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, tukarudia. Shemeji alisimama mbele ya skrini mikono kiunoni, akainamisha kichwa huku na huku. Akasema ya pili ndiyo kinara, haina ubishi. Rangi zake zinaongea, akasema. Kivuli chake kina uzito. Angalia glasi, unaweza kuichukua ukanywa.

Mama alisema yeye haoni tofauti. Anachokiona ni kwamba katika sebule zote tatu kuna mwanamke aliyeacha glasi ya maji juu ya meza ya mbao bila kuweka kitu chini yake, na mbao ile itafanya duara jeupe.

Nami nikasogea. Nilitazama kwa namna ninavyoonja, polepole, kwanza kitu kizima, kisha pembe kwa pembe. Nilitazama pazia. Nilitazama kivuli chini ya meza, mahali ambapo nilidhani kadi mbovu ingefanya uvivu. Nilitazama ukingo wa glasi mpaka macho yakaniwasha. Hakuna kitu. Ilikuwa chai moja katika vikombe vitatu.

Nikafungua kifuniko cha flashi ya pili, ile yenye rangi zinazoongea. Ndani mlikuwa na uzi mweusi. Ilikuwa picha ya kadi kuukuu.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Shemeji alidai nimekosea uzi, nikamfungulia na nyingine, akaishia kujikuna kisogo. Na mimi nilifurahi, tena sana, furaha ambayo haikulingana kabisa na mambo ya kadi. Nikatangaza matokeo kwa sauti ya kazini: jicho halioni tofauti yoyote, kwa hiyo bei ile ni bei ya sanduku, na gari letu limepona. Lile la jikoni sikulitaja. Nikamgeukia mume wangu, nikamwambia sasa ana ruhusa ya kusema.

Aliinuka kutoka kwenye kona yake.

"Kazini kwako," akasema, "kila chai unaipa muda wake mpaka iridhike, au zote mnazipa muda mmoja?"

Nilisimama pale na flashi mkononi nikahisi uso unapata moto. Mtu yeyote wa kazi yangu anajua jibu. Maji yakishamiminwa kwenye majani, kengele ya dakika sita inawekwa, na ikilia, vyote vinachujwa kwa pamoja. Ukiiacha chai dhaifu ikae zaidi ya mwenzake mpaka ishike rangi, hujaonja chai, umeidekeza. Mwanafunzi akifanya hivyo siku ya kwanza hutolewa chumbani. Na mimi, bingwa wa kikombe kisicho na jina, nilikuwa nimeidekeza kadi kuukuu karibu saa nzima mbele ya mashahidi.

Mume wangu akaeleza, kwa maneno mengi kuliko kawaida yake, kwamba alijua tangu mwanzo picha zitafanana. Hesabu ni ileile, alisema, kadi ndogo na kadi kubwa zote hufika palepale, ila moja hufika kwa miguu. Hakuwahi kutaka picha nzuri zaidi. Alichotaka ni kujaribu. Akibadili pazia moja, ilimbidi angoje saa nzima kujua kama limekaa vizuri, kwa hiyo mara nyingi alikuwa habadilishi, anampelekea mteja lile la kwanza. Mara nyingi analala akijua pazia halikukaa sawa.

Hilo hakuwahi kuniambia. Saa zote zile za chai, na hilo hakuwahi kuniambia, labda kwa kuwa aliona nilivyokuwa nikizifurahia. Iliniuma.

Nikaenda jikoni, nikachukua kengele yangu ndogo ya dakika sita ninayoitumia nyumbani kwa mazoea tu, nikarudi nayo, nikasema tunaonja upya. Wakati huu hata mkono wangu mwenyewe niliuchunga, maana mara ya kwanza ulikuwa umejipendelea bila kuniaga.

Nikabonyeza kompyuta ya kwanza, shemeji ya pili, mume wangu ya tatu, kwa pamoja, na kengele ikaanza kuhesabu. Safari hii tulibaki chumbani. Kadi kubwa ilinguruma kama mashine ya kukaushia nywele saluni, chumba kikapata joto, na kabla kengele haijafika hata nusu ikanyamaza. Picha yake ilikuwa tayari, safi, na glasi juu ya meza. Ikakaa inatungoja. Ile ya kati nayo iliendelea kunguruma, na kengele ilipolia ilikuwa ndiyo kwanza inamalizia kona ya mwisho ya pazia. Kadi kuukuu tukaikatisha. Picha yake ilikuwa chengachenga kuanzia juu mpaka chini, kama televisheni iliyopoteza mawimbi. Glasi ilionekana kama doa.

"Hii hata mimi naiona," mama mkwe akasema.

Shemeji alikuwa amerudi kwenye ubora wake. Akauliza kama bado kuna mtu ana swali. Nami nilikuwa nalo moja, na nilimuuliza mume wangu, si yeye. Nilitaka kujua ile kubwa ilipomaliza mapema ikakaa kimya, yeye angefanya nini katika muda ule uliobaki.

"Angeanza nyingine," shemeji akadakia.

Mume wangu alitikisa kichwa. "Nyingine ipi? Mimi nafikiri polepole. Kadi haijui nataka kuweka dirisha wapi. Hiyo kubwa itakuwa inakaa pale kila siku inanitazama, inaningoja mimi."

Hilo ndilo jibu nililokuwa nikilitafuta tangu Jumatatu, na sikulipata kwenye skrini. Hata kwenye chai ni hivyohivyo. Kutoka chai mbaya hadi nzuri ulimi unaruka mto. Kutoka nzuri hadi ile ya bei ya juu kabisa ulimi unaruka kijiti, lakini bei inaruka mlima. Wapo wanaohitaji kuruka kile kijiti. Shemeji alituambia ana mteja anayetengeneza filamu za katuni, picha maelfu kwa maelfu, hiyo kadi hailali, na kwa huyo kila sekunde ni mkate. Huyo bei haimtishi. Kwetu sisi ingekuwa kama kununua basi la abiria la kumpeleka mtu mmoja sokoni.

Nikajiuliza mara mbili kama sijipendelei tena. Labda naichagua ya kati kwa kuwa inaniachia dakika sita za mume badala ya tatu. Nikachunguza moyo wangu kama ninavyochunguza kikombe, nikaona kwamba hapana, dakika sita hazinifai kitu. Zinatosha kuchemsha maji, hazitoshi kunywa. Ningependelea ile kuukuu, na ile kuukuu imeshindwa.

Wote walikuwa wananitazama, kwa hiyo nikasema. Kadi kinara haifai bei yake katika nyumba hii. Ya kati inafaa bei yake, tena inunuliwe leo. Kuukuu itolewe.

Sauti yangu ilitoka vizuri mpaka kwenye neno la mwisho. Nikasema naenda kutazama maji jikoni, wakati hakuna maji niliyoyaweka.

Mume wangu alinifuata baada ya kumsaidia mdogo wake kufunga masanduku. Alisimama mlangoni. Aliniambia hakutegemea niamue vile, alidhani nitatetea gari. Nikamwambia gari bado lipo, limepunguzwa magurudumu tu. Kisha, kwa kuwa niligundua siku ile kwamba hata yeye alikuwa ananificha kitu kwa wema, nikaona nisiendelee kuficha changu.

"Mzee, ile kadi mbovu ndiyo iliyokuwa inakuleta hapa."

Alitazama kile kiti cha karibu na dirisha. Akaniuliza kama nataka amwambie mdogo wake airudishe. Nikamkatalia. Nimeonja, nimesema, na mwonja halambi matapishi yake. Nilisema hivyo kwa ukali kidogo, kwa sababu nilikuwa karibu kulia.

Kadi ya kati ikafungwa. Siku zilizofuata nilimsikia kutoka jikoni. Ile kadi ilikuwa na mngurumo wake, mdogo kuliko wa kinara lakini unapenya ukuta. Inaanza, inanyamaza. Inaanza, inanyamaza. Kila ikinyamaza nilijua ameangalia pazia, halikumridhisha, amelisogeza. Alifanya kazi kwa furaha, hata nilimsikia akiimba, na mume wangu haimbi. Yule daktari aliletewa sebule ambayo, kwa maneno ya mume wangu mwenyewe mezani, kwa mara ya kwanza haina kitu anachotamani kukibadilisha. Nilifurahi kwa ajili yake. Namaanisha hivyo. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilikunywa chai peke yangu, na yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja. Mara moja nilijikuta nimeivuta chai kwa kishindo kama niko kazini, nikaitema kwenye sinki. Nilisahau kwamba niko nyumbani.

Kisha ikaja alasiri moja ya katikati ya wiki. Nilikuwa nimemimina maji kwenye majani, naweka kengele kwa mazoea, mlango ukafunguliwa. Mume wangu akaingia. Alivuta kiti cha karibu na dirisha, akaweka miguu juu ya kigoda, akaangalia nje.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Picha inaiva," akasema. "Nimeona nisikae pale kuitazama."

Nilimuuliza ni picha gani hiyo. Akasema ni kubwa, ya jengo zima, ina madirisha mengi mno na mwanga unazunguka sana humo ndani. Hata kadi mpya lazima ihangaike nayo. Alieleza kwa urefu usio wa kawaida, na hakuwa akinitazama.

Basi nikasikiliza. Ni kazi yangu kugundua vitu vidogo. Ukuta wa kile chumba uko nyuma ya kabati la vyombo, na mngurumo wa ile kadi nilikuwa nimeshaujua kama ninavyojua hatua zake mwenyewe. Nilishikilia kifuniko cha birika kisigonge, nikasikiliza tena. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Hakuna kilichokuwa kikivuma. Nikasema nafuata sukari, nikapita mbele ya mlango ulio wazi. Kompyuta ilikuwa imezimwa, na kiti kimesukumwa vizuri chini ya meza, kama mtu aliyefunga duka.

Nikarudi na sukari.

"Itachukua muda gani?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Hii? Inaweza kufika magharibi."

Kengele ikalia. Nikachuja chai, nikamjazia kikombe chake, nikajaza na changu, nikakaa. Tuliinywa yote.